Shikamoo Niliyomnyima Kaka Yangu

Lina mwanangu,

Mama yako yuko jikoni anasonga ugali, na wewe umekwenda kumuaga mwenzako Neema. Basi nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Mambo ya begi, ya blanketi zito, ya kutokula kila kinachouzwa stendi, ya kutompa mtu simu yako hata akisema anataka kubipu tu, hayo mama yako amekuimbia wiki nzima na mimi sitayarudia. Mimi nina jambo moja. Nimelikalia muda mrefu, na kwa mdomo siwezi kulisema kwa sababu mama yako atanikatiza.

Kesho asubuhi utashuka njia ya chini kwenda kupanda gari la Katesh. Njia hiyo inapita mlangoni kwa baba yako mkubwa, Tluway. Ameshatuma neno kwamba tupite kwake akubariki kabla hujaondoka. Mimi nasema usiingie. Usisimame. Akikuita, wewe tembea. Na shikamoo usimpe.

Najua umeshtuka. Ni mimi huyu huyu niliyekurudisha njiani ukiwa darasa la pili, ukamsalimie upya yule bibi wa pale kwenye kisima kwa sababu ulimpita ukimumunya muwa. Ulilia njia nzima. Mtoto wa kwangu hapiti mtu mzima bila shikamoo, nilisema hivyo na nilimaanisha. Leo nakuambia kinyume chake na ninamaanisha vile vile.

Desturi unaijua. Mtoto akiondoka kwenda mbali hupitishwa kwa mkubwa wa ukoo. Mkubwa anachukua kibuyu cha pombe ya asali, anavuta kidogo mdomoni, anakupulizia kifuani, anakuombea njia, na watu wanaitikia. Kisha kibuyu kinazunguka. Mama aliyemzaa anayeondoka anakunywa kwanza, wanafuata wengine, na mwenye mji anakunywa mwisho na kukimaliza. Babu yako hayupo tena, kwa hiyo mkubwa wa ukoo ni Tluway, kaka yangu, tumbo moja. Mtoto akipita bila kuingia, aibu haimshiki mtoto. Inamshika mkubwa. Kijiji kizima kitauliza, jamani, binti wa mdogo wake kampita mlangoni kama anapita kwenye gofu, kuna nini pale? Hilo swali ndilo ninalolitaka. Nimelingoja tangu mama yako alipoanza kuota nywele.

Sasa nikueleze, maana wewe ulikuwa bweni na mengi tulikuficha. Ulipokuwa kidato cha tano tulikuambia mama ana uvimbe, anatibiwa, usiwe na wasiwasi, soma. Uliporudi likizo ulimkuta na kitambaa kichwani na hukuuliza. Nilikushukuru kimoyomoyo kwa kutouliza, na sasa naona haikuwa sawa. Ulikuwa na haki ya kujua ni nani walikuwa watu wako.

Uvimbe ulikuwa kwenye titi. Alikaa nao msimu mzima wa kupalilia, ananiambia ni jipu, na mimi napenda kuambiwa kwamba ni jipu. Aliyetuamsha ni Mwanaidi, yule muuguzi wa zahanati, mtu wa Lushoto. Alimshika mkono akamwambia, "Mama Lina, hili si la kwangu, hili ni la hospitali kubwa, na uende wiki hii." Tukaenda. Wakakata. Kisha wakasema kuna dawa za kutundikiwa kwa dripu, anakwenda anatundikiwa, anarudi nyumbani, akipata nguvu kidogo anakwenda tena. Neno lenyewe, saratani, daktari alinitajia mimi, si yeye. Na mimi nilikubali kuambiwa peke yangu, nikamjibia, nikamuulizia, wakati yeye amekaa pale pale kwenye kiti na masikio yake mazima. Tulipotoka nje akaniambia, "Baba Lina, siku nyingine ukizungumza habari za kifua changu, nikaribishe." Usimfanyie mtu hivyo. Hata akiwa hoi, mwili ni wake.

Maisha ya siku zile yalikuwa hivi. Nilijifunza kupika uji wa mtama mwembamba kiasi cha kupita kwenye mdomo wenye vidonda. Nilijifunza kwamba harufu ya kitunguu inamtapisha, kisha harufu ya maharage, kisha harufu yangu mimi nikitoka zizini, ikabidi nioge kwa maji ya baridi ya Gitting kabla ya kuingia chumbani. Wewe unayajua maji yetu. Nilifua mashuka, nikayaanika upande wa nyuma ili watu wasiyaone. Kuna siku alirudisha uji wangu mara mbili, wa kwanza una moto, wa pili umepoa, na mimi nikaweka bakuli chini kwa kishindo nikasema, "Basi kapike mwenyewe." Akainuka kweli. Akafika mlangoni akashika fremu ya mlango, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Nilimbeba kumrudisha kitandani, na alikuwa mwepesi vibaya. Tangu siku ile sijaweka bakuli kwa kishindo katika nyumba hii, hata nikiwa na njaa.

Zikaja nywele. Mwanaidi alituonya kwamba zitatoka, lakini kuonywa ni kitu kimoja, kuona ni kingine. Ziliingia kwenye uji, zikabaki kwenye mto, akijikuna zinakuja na vidole. Alikuwa anazikusanya anazitia kwenye mfuko wa sukari kama mtu anayetaka kuzirudisha. Mwanaidi akamwambia, "Nyoa dada, zisikutawale." Asubuhi moja kulikuwa na jua zuri, ukungu umepanda mlimani mapema, nikamtolea kigoda nje karibu na ukuta, nikamfunga shuka shingoni, nikachukua wembe.

Lina, ilikuwa asubuhi nzuri. Nataka ulijue hilo kabla sijaanza ya Tluway. Nilimnyoa taratibu, naogopa kumkata, na yeye ananicheka. Akasema, "Kumbe nina kichwa kizuri, na wewe miaka yote umekificha." Nikamwambia ningejua ningemnyoa siku ya harusi. Alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu akatwe.

Tluway akapita na punda wake. Akasimama pale kwenye uzio.

Wewe ni mtoto wa huku, unajua kunyoa kwa mwanamke ni nini. Mwanamke wetu ananyolewa akizika. Amefiwa na mume, amefiwa na mtoto, ananyolewa nje ya nyumba, watu wanaona, wanajua. Tluway alituangalia akauliza, "Mmemzika nani?"

Nikasema, "Shikamoo kaka. Hatujazika mtu. Ni dawa za hospitali zimetoa nywele."

Hakuitikia marahaba. Akasema, "Hujazika, na umenyoa. Basi mmeuita msiba, na utakuja kutafuta mlango." Akampiga punda, akaenda.

Nikadhani ni maneno ya mtu aliyeamka vibaya. Jioni nikamsikia mtoto wa jirani anaambiwa na mama yake asikanyage kwetu. Kesho yake nikaambiwa wazee wamekaa, na mimi sikuitwa. Walikaa kwa Tluway, wakala kwa Tluway, na Tluway akawaambia nyumba ya mdogo wake imeingia metimani.

Neno hili umelisikia kwa bibi yako, lakini hujaliishi. Ni lile tengo la wazee wetu, nyumba yenye uchafu wa kifo inakaa peke yake mpaka itakaswe. Zamani lilikuwa na sababu zake, sitabishana na waliokufa. Lakini lilikuwa la nyumba iliyozika. Sisi hatukuzika. Tulikuwa na mgonjwa anayekunywa uji. Na huyo huyo Tluway ndiye mwenyekiti wa kigango, Jumapili anasimama mbele anasoma maombi ya waamini, anawaombea wagonjwa wote. Siku ile alisoma "tuwaombee wagonjwa wetu", na mimi niko benchi la nyuma peke yangu, benchi zima, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukaa nami.

Sasa sikia makali yake. Kuomba moto kwa jirani, hakuna. Kuteka maji, tungoje wote wamalize. Kuitwa kwenye kazi ya pamoja, hakuna, na sisi kuita watu waje kutuvunia, hakuna. Lakini kubwa lilikuwa zamu ya ng'ombe. Unajua tunavyochunga hapa, ng'ombe wa nyumba zote za mtelemko huu wanakwenda pamoja, leo mimi nachunga wa wote, kesho mwingine, nyumba nyingine wanapumzika au wanakwenda shamba. Bila zamu mtu hawezi kuishi. Tluway akasema ng'ombe wetu wasichanganywe na wengine. Kwa hiyo kila siku ya Mungu ilikuwa zamu yangu, na kila siku ya Mungu mama yako alikuwa kitandani. Nikienda na ng'ombe namwacha peke yake. Nikikaa naye ng'ombe wanalia zizini. Na siku za kumpeleka hospitali, nani achunge?

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na ndilo lililonifanya niandike. Unadhani nilifanya nini? Nilimuasi? Nilipiga kelele? Hapana. Nilivua kofia, nikaenda mlangoni kwake asubuhi kwa heshima zote, nikasema, "Shikamoo kaka." Nikasimama. Nikasema tena. Ndani nasikia vijiko, wanakunywa chai. Akajibu kutoka ndani bila kufungua, "Marahaba. Rudi kwako." Na mimi nikasema, "Asante kaka," nikarudi. Nilimshukuru, Lina. Mtu amenifungia mlango na mimi nimesema asante, kwa sababu nilifundishwa kwamba mkubwa hakosei, na akikosea unangoja mwenyewe aone. Niliendelea kumpa shikamoo kila nilipomuona, kwa mbali, kama mtu anayetupa mbegu kwenye mwamba.

Na ng'ombe Madoa. Tulikuambia aliumwa na nyoka. Hakuumwa na nyoka.

Alikuwa wako, babu yako alikupa siku ya komunyo ya kwanza, na alikuwa na mimba. Tulipokwenda hospitali safari ile, mama yako alipandwa na homa wakamlaza, wakasema hatoki mpaka damu yake ipande. Nilikuwa nimemfunga Madoa na wenzake zizini na majani niliyokata, na maji ya kutosha kwa kwenda na kurudi. Hatukurudi. Nilimpigia Tluway simu. Nikasema, "Kaka, sikuombi uingie ndani. Mwaga maji tu upande wa nje, yapite chini ya uzio yaingie kwenye birika." Akasema atatazama.

Nyumba yake na yetu ni kupaza sauti tu. Mwanaidi aliniambia baadaye kwamba ng'ombe walilia mpaka yeye akiwa zahanati aliwasikia. Alipotoka kazini akaja mbio na ndoo, mwanamke mgeni asiyejua hata kumshika ng'ombe, amejifunga ushungi, anabeba maji kutoka kisimani. Aliwaokoa wengine. Madoa alikuwa ameshalala chini, na ndama tumboni mwake. Tluway alikuwa amekaa nje kwake, akimtazama Mwanaidi akipanda na kushuka na ndoo. Akamwambia, "Dada, wewe si wa huku, huelewi." Mwanaidi akamjibu, "Mzee, kiu naielewa."

Nimefikiria mambo mengi ya kumfanyia, sitakudanganya. Kuna jioni nilisimama juu ya mtaro unaopeleka maji kwenye ngano yake, jembe mkononi, nikijua pa kukata. Nilifikiria kula kiapo, ile laana ya wazee wetu ya mtu aliyedhulumiwa, unasimama unamwachia Mungu ahukumu na hairudi nyuma. Mama yako ndiye aliyenizuia. Hakuniambia nisamehe, hajawahi kuniambia hivyo. Alisema, "Laana ikitoka haijui nani ana watoto." Basi nikabaki na hasira yangu, na hasira ilinisaidia. Watu wanasema hasira ni hasara. Kwangu hasira ndiyo iliyoniamsha jogoo wa kwanza kukata majani, ndiyo iliyonibeba na mama yako kwenye pikipiki mvua inanyesha, yeye katikati, mimi nyuma namshika, dereva anatutukana kwa utelezi. Nilijiambia, huyu mwanamke hatakufa ili Tluway aseme, "Si nilisema?"

Na hakufa. Dawa zilikwisha, akapigwa mionzi, ikaisha nayo. Sasa anakwenda kuangaliwa tu, na daktari, safari hii akimwambia yeye mwenyewe, alisema anaridhika na anachokiona. Nywele zikarudi, laini kama za mtoto mchanga.

Unajua Tluway alifanya nini? Alituma mtu kuniambia nilete kondoo atutakase, ili tengo liishe. Mimi nilete! Kondoo wangu, atakaswe mke wangu, kwa kosa la kunyolewa. Nikamwambia yule mjumbe, mwambie kaka kondoo wangu wako salama, hawana uchafu. Watu wengine walichoka wenyewe. Waliona mvua imenyesha kama kawaida, ng'ombe wangu wamezaa, mama yako anapalilia. Mmoja akaja kuomba moto, mwingine akasema kesho zamu yako. Hakuna aliyesema tumekosea. Na mimi sikuwauliza, hao nimewasamehe nusu.

Tluway sikumsamehe hata robo. Siku ya kwanza kukutana naye njiani baada ya hapo, nikampita. Sikusema shikamoo. Nilisema, "Habari za asubuhi," kama ninavyomsalimia muuza mitumba. Uso wake ulibadilika. Tangu siku hiyo sijampa. Harusini sikumpa. Msibani kwa mzee Gwandu, watu wote wamepanga foleni kumsalimia, nikafika mbele yake nikanyamaza, na yeye kwa kuogopa watu akasema "marahaba" kabla sijafungua mdomo. Marahaba ya bure! Watu walisikia. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama yako, nikala ugali mara mbili.

Unaweza kudhani ni jambo dogo. Wenzako chuoni huko Mbeya, hasa wa mjini, wataona ajabu. Lakini kwetu mzee asiyepewa shikamoo na mdogo wake wa tumbo moja ni mzee aliyepunguzwa, na kila anayeona anajiuliza kwa nini. Ninampunguza kidogo kidogo. Na kesho, wewe ukimpita, nataka kumpunguza kabisa.

Wahenga wanasema muosha huoshwa. Mimi nataka aoshwe nikiwa hai, na nishike maji mwenyewe.

Usidhani nakufundisha kuchukia watu. Nakuambia nilichojifunza kwa gharama, heshima mpe mtu kwa mikono miwili, lakini ukiona anaitumia kukukanyagia, mikono irudishe. Mimi nilichelewa kuirudisha. Nikiwa nasubiri kaka yangu aone mwenyewe, ng'ombe wako alikufa kwa kiu. Ukienda huko kusomea umeme wako, utakutana na wakubwa, walimu, mafundi, wanaume wa kila aina, na utakuta mmoja anayefunga mlango huku akingoja umshukuru. Usiseme asante.

Nilikuwa nimefika hapo. Mama yako ameniita, nimekwenda, nimerudi. Naandika upya kuanzia hapa, na yale ya juu siyafuti, uyasome ujue nilikuwa wapi.

Alikuwa amekaa nje ya jiko kwenye kigoda kile kile, shuka shingoni. Wembe mpya mkononi, hata karatasi hajaitoa.

"Acha hiyo barua," akasema. "Njoo uninyoe."

Nikamwambia, "Mama Lina, nywele zako zimeota vizuri."

"Zimeota ndiyo. Ninyoe."

Niliogopa. Nilidhani ameona kitu, kuna uvimbe mwingine, ananificha. Akaniona usoni akasema, "Siumwi. Nimepeleka neno kwa shemeji kwamba tunakuja kesho, wote watatu. Na majirani nimewaambia waje kumuaga Lina pale pale kwake, na wamesema watakuja, maana pombe ya asali haina adui."

Nikamwambia mimi nimeshaamua, mtoto hapiti kwake. Akanitazama kama anavyokutazama wewe ukisema umeosha vyombo na havijaoshwa. "Wewe unataka mtoto ampite mlangoni," akasema. "Atakasirika siku mbili, atasema binti hana adabu, watoto wa siku hizi. Watu watamuonea huruma. Hicho ndicho kisasi chako cha miaka yote? Mimi ndiye niliyelala mle ndani nikimsikia Madoa kwenye ndoto. Kisasi ni changu, nipe nafasi." Kisha akainamisha kichwa ninyoe.

Nimemnyoa. Jua lilikuwa linazama, sikuona vizuri, nimemkata kidogo nyuma ya sikio. Wakati nanyoa ndipo nilipoelewa.

Mama aliyemzaa anayeondoka ndiye anayekunywa kwanza. Mwenye mji anakunywa mwisho na kukimaliza. Kibuyu ni kile kile, mdomo wake ni ule ule.

Kesho mama yako ataingia kwa Tluway bila kitambaa, kichwa kinang'aa, na hajazika mtu, na mtoto wake yuko pale na begi, na mume wake yuko pale anahema. Atakunywa. Kitazunguka kwa majirani, na wao watakunywa, maana tayari wameshaomba moto kwetu. Kisha kitamfikia yeye. Akikataa, amekataa kumwombea njia mtoto wa ndugu yake mbele ya kila mtu, na kuwa mkubwa wa ukoo kumeishia hapo. Akinywa, amekunywa nyuma ya mwanamke aliyenyolewa, na kila neno alilowaambia wazee siku ile limekuwa uongo kwa kinywa chake mwenyewe.

Nilimwambia mama yako, "Wewe ni mbaya kuliko mimi." Akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa." Akapukuta shuka.

Amenipa sharti moja, na hili ndilo gumu. Nimpe kaka yangu shikamoo. "Ukimnyima," amesema, "atanuna, atapata sababu ya kuinuka na kuingia ndani, na kibuyu kitabaki hewani. Mpe. Mpe vizuri. Akose pa kutokea." Nimejaribu kuisema hapa mezani peke yangu, haitoki. Kesho itatoka. Kofia nitavua, na mgongo nitainamisha, kama siku ile ya mlango.

Kwa hiyo lile nililokuagiza mwanzoni, liache. Ukifika, piga goti, mpe shikamoo kwa mikono miwili, sauti isikike mpaka kwa wa mwisho. Simama akupulizie hiyo pombe kifuani, itikia maombi, maana baraka ni za babu yako na hazina kosa, yeye ni mdomo tu. Usiogope ukiniona nimeinama. Usimhurumie mama yako kwa kichwa chake.

Ila kibuyu kikishatoka kwa mama yako, usitazame chini kama tulivyokufundisha. Madoa alikuwa wako. Nataka umtazame akinywa.

Baba yako